Haidrojeni Ile Ilitoka Wapi?

Siku niliyodhani nimegundua jambo kubwa, chupa yangu haikuwa na platini, metali inayosaidia haidrojeni itoke, hata chembe. Ndivyo nilivyoamini. Ndani mlikuwa na maji, asidi ya askobiki, ambayo ndiyo vitamini C ile ile, na miligramu 10 za unga mwekundu nilioupika kwa mikono yangu. Taa ya zenoni ya wati 300 ilikuwa imewaka kwa saa nzima. Nikachoma sindano kwenye kizibo cha mpira, nikavuta gesi kidogo, nikaiingiza kwenye kromatografu, mashine inayotenganisha na kupima gesi, na kusubiri. Haikupita muda, mstari kwenye kompyuta ukapanda: kilele cha haidrojeni, chembamba, kirefu, kimesimama kama mlingoti.

Nilikimbia, tena nasema nilikimbia kweli, koti la maabara likipepea, hadi kwa profesa wangu.

"Profesa, unga wangu unatoa haidrojeni bila platini!"

Hakuinua kichwa kutoka kwenye karatasi alizokuwa akisahihisha. "Imetoka wapi?"

"Kwenye maji, Profesa."

"Una hakika?"

Nikanyamaza.

"Basi rudi ukaiulize chupa."

Nilitoka pale nimenuna. Kulipata jibu kulinichukua wiki tatu, na nitalifikia. Lakini kwanza niueleze huo unga, maana bila kuujua, kisa chenyewe hakina maana.

Kwa jina refu ni viunzi vya kikaboni vyenye vifungo kovalenti. Sisi maabarani tunaziita kofu, kutokana na herufi COF. Polima nyingi tulizozizoea, za mifuko na chupa, zimekaa kama uzi uliovurugika: nyuzi ndefu zimelaliana ovyo. Kofu ni mkeka. Molekuli zenye pembe tatu zinaunganishwa na molekuli zilizonyooka, pembe kwa pembe, mpaka unapata jamvi lenye matundu yanayojirudia kwa umbo na ukubwa ule ule. Majamvi hayo yanapangana moja juu ya jingine, umbali kama wa nanomita 0.34 kati yao, na matundu yakipangana sawia yanakuwa mirija mirefu myembamba ya upana wa nanomita chache tu. Hivyo una polima, ina vinyweleo, na ni fuwele, yaani molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Vitu hivyo vitatu pamoja vilikuwa adimu mpaka mwaka 2005, wakemia Omar Yaghi, Adrien Côté na wenzao walipochapisha kofu za kwanza. Yaghi huyo huyo mwaka 2025 aligawana Nobel ya Kemia na Susumu Kitagawa na Richard Robson, ingawa tuzo hiyo ilihusu binamu wa kofu, vile viunzi vyenye metali ndani yake.

Siri ya kupata fuwele iko kwenye ufumaji. Mfumaji akikosea mstari, anafumua na kufuma upya. Molekuli nazo zinatakiwa ziweze kufanya vivyo hivyo, yaani kifungo kiwe cha kufungika na kufunguka, ili ile iliyoshika mahali pasipo pake ipate nafasi ya kuachia na kujipanga vizuri. Kifungo kikiwa kigumu tangu mwanzo, makosa yanaganda humo humo, na unachopata ni vumbi lisilo na mpangilio.

Hapo ndipo nilipopigwa kofi la kwanza. Nilianza na kofu za boroni, za aina ile ya 2005, na nikapata fuwele jaribio la pili tu. Eksirei ilionyesha vilele safi kabisa, alama ya fuwele. Nikajiona fundi. Kisha nikafanya jambo ambalo utafiti wangu wote ulilihitaji: nikautia unga ule kwenye maji. Kesho yake nilichuja kilichobaki, nikakipeleka kwenye eksirei, na mstari ukawa bapa kama sakafu. Maji yalikuwa yamefumua kila kifungo cha boroni na kunirudishia malighafi nilizoanza nazo. Wakati wa kupika, maji ndiyo yanayotoka vifungo vinapofungika. Ukiyarudisha kwa wingi, safari inageuka nyuma. Ule ulegevu uliokupa fuwele ndio huo huo unaoibomoa. Sasa mtu anayetaka kutoa haidrojeni kwenye maji atatumiaje kitu kinachoogopa maji?

Jibu nililitoa kwenye kazi ya kundi la mkemia Rahul Banerjee ya mwaka 2012, na mpaka leo naiona ni moja ya hila tamu kuliko zote katika kemia hii. Walichukua aldehidi yenye makundi ya haidroksili (oksijeni na haidrojeni) pembeni, wakaiunganisha na amini, molekuli yenye nitrojeni. Kwanza kifungo kinafungika kwa namna ya kawaida, kile cha kuachia na kushika, na fuwele inapata muda wake wa kujisahihisha. Halafu atomi ya haidrojeni iliyo jirani inahama, molekuli inajigeuza umbo, na mlango unafungwa kwa nyuma. Hakuna kurudi. Kofu iliyopatikana ilihimili maji yanayochemka na asidi kali ya haidrokloriki. Rangi yake ni nyekundu, na ndiyo niliyoamua kuipika.

Kuipika, basi, ndiko kulikonila miezi minne.

Unapima aldehidi na amini, unazitia kwenye mrija wa kioo pamoja na viyeyushi, mesitileni na dioksani, na asidi ya asetiki kidogo. Unauzamisha mrija kwenye nitrojeni kimiminika mpaka kila kitu kigande, unavuta hewa kwa pampu, unaacha vitu viyeyuke, unagandisha tena. Mara tatu. Mwisho unauziba mrija kwa moto ukiwa bado kwenye ombwe, unauweka kwenye tanuri la nyuzi 120, unaondoka siku tatu. Kwa maelezo ni rahisi. Aliyenifundisha kuziba mrija ni fundi wetu wa vioo, mzee mmoja aliyekuwa ananiita mwanangu na hakuwahi kunisifia hata siku moja. "Mwanangu, moto usiukimbize," aliniambia nikiwa nimeshaharibu mirija sita. "Subiri kioo chenyewe kilegee, ndipo uvute." Alinionya pia juu ya jambo ambalo kitabuni nilikuwa nimelisoma bila kulitilia maanani: nitrojeni inachemka nyuzi 196 chini ya sifuri, oksijeni nyuzi 183 chini ya sifuri. Ukiacha bomba wazi likivuta hewa huku limezama kwenye nitrojeni kimiminika, oksijeni ya hewa inapoa humo na kuwa kimiminika. "Ukiona kitu cha rangi ya samawati kwenye bomba, usiguse chochote. Toka nje, uwatoe na wenzako." Oksijeni kimiminika ikikutana na viyeyushi vyetu, huo ni mlipuko unaosubiri.

Sikuwahi kuona samawati. Niliwahi kusikia mrija ukipasuka tanurini usiku, baada ya kuujaza kupita kiasi, na kesho yake nikashinda nikikwangua unga mwekundu kwenye kuta za tanuri mbele ya watu.

Kila mrija uliotoka salama ulinipa unga mwekundu unaopendeza machoni, na kila unga ukawa hauna kilele hata kimoja kwenye eksirei. Nilibadilisha kiasi cha asidi, uwiano wa viyeyushi, joto, siku. Nikabadilisha hata tanuri. Kosa lilikuwa kwenye kitu nilichokuwa nakishika kila asubuhi. Amini yangu, parafenilinidiamini, ikiwa safi ni nyeupe. Ikikaa na hewa inageuka kahawia na kuendelea kukolea. Yangu ilikuwa ya kahawia. Nilikuwa nimejiambia, kwani tatizo liko wapi, si mwisho wake vyote vinakuwa vyekundu? Siku niliyoipasha moto ndani ya ombwe, ikapanda kama mvuke na kuganda juu ya kioo baridi, vipande vyeupe vyembamba vinavyometameta, nilikaa nikiitazama kwa aibu. Mrija uliofuata ulinipa kilele cha eksirei kwenye pembe ya nyuzi 4.7, pale pale panapotakiwa.

Mtu anaweza kuuliza fuwele ya nini, wakati unga wote ni mwekundu na wote unanyonya mwanga. Nami niliuliza, kwa hiyo nikapima unga wangu mbovu na unga wangu mzuri chini ya taa moja. Ule mbovu ulitoa haidrojeni kidogo ya kuhesabika kwa tabu. Mwanga ukipiga kofu, elektroni inaruka na kuacha shimo nyuma yake, na katika vitu vya kikaboni viwili hivyo vinavutana kwa nguvu sana. Visipoachanishwa upesi vinarudiana, na nguvu ya mwanga inaishia kuwa joto. Mpangilio mzuri wa majamvi unaipa elektroni njia ya kupita. Mvurugiko unaitegea mitego kila kona. Halafu kuna ile mirija ya ndani ya kofu, inayoyaruhusu maji yaingie ndani badala ya kulamba ngozi ya juu tu.

Platini inahitajika kwa sababu molekuli moja ya haidrojeni inataka elektroni mbili na protoni mbili zikutane mahali pamoja, na platini ni mahali pazuri pa kukutania. Huna haja ya kuipaka. Unatia chumvi yake kidogo kwenye chupa, unawasha taa, na elektroni za kofu zenyewe zinaigeuza kuwa chembe ndogondogo za metali juu ya unga.

Sasa turudi kwenye chupa isiyokuwa na platini.

Jaribio lile nililifanya kama kipimo cha kulinganishia tu, nilitarajia sifuri. Baada ya profesa kunirudisha, nilianza kuiuliza chupa kama nilivyoambiwa. Nilizima taa: hakuna haidrojeni. Vizuri. Nikatoa kofu, nikaacha maji na asidi: hakuna. Nikarudisha kofu: ipo. Nikapika kofu mpya kabisa: bado ipo. Kila jibu lilinipa kiburi zaidi, na usiku nilikuwa nimeshaanza kuandika utangulizi wa makala kichwani. Nikanunua asidi ya askobiki mpya: ipo.

Wiki ya tatu chupa yangu ilipasuka shingo, nikaazima mpya stoo pamoja na kikorogeo kipya cha sumaku, kile kijiti kidogo cheupe kinachozunguka chini ya chupa. Nikawasha taa. Saa moja, sifuri. Saa mbili, sifuri. Saa tatu nikakichukua kikorogeo cha zamani nikakiweka chini ya lenzi. Plastiki yake nyeupe ilikuwa na mikwaruzo myembamba, na ndani ya mikwaruzo mlikuwa na weusi, kama uchafu kwenye kucha. Nikakiloweka kwenye mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya naitriki, tatu kwa moja, ule unaoyeyusha hata dhahabu, nikapeleka kimiminika hicho kupimwa metali. Platini. Mabaki ya majaribio yangu ya miezi iliyopita yalikuwa yamejificha humo, nami nilikuwa nakiosha kila jioni kwa sabuni na asetoni na kukiona kisafi.

Nilipompelekea profesa matokeo, aliyasoma mpaka mwisho, akasema, "Afadhali umejua wewe kabla hajajua mwingine." Kisha akauliza tena, kwa sauti ile ile: "Na zile zenye platini, haidrojeni yake inatoka wapi?"

Swali hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, kwa sababu lina majibu mawili. Ukitumia maji mazito, ambayo haidrojeni yake ni deuteri, yaani haidrojeni yenye uzito zaidi, gesi inayotoka inakuwa ya deuteri, na kipimo cha uzito wa molekuli kinakuonyesha. Kwa hiyo atomi zinatoka kwenye maji, na hilo nililithibitisha. Lakini elektroni je? Elektroni zinatoka kwenye vitamini C. Yenyewe ndiyo inayojitoa mhanga kujaza yale mashimo, inaoksidika, inaisha. Haidrojeni inatoka, ila oksijeni haitoki kabisa. Kuyapasua maji kweli kweli, haidrojeni huku na oksijeni kule, kunadai kilojuli 237 kwa kila moli, sawa na volti 1.23, na upande wa oksijeni ndio mgumu, maana unahitaji elektroni nne ziondoke kwa kila molekuli moja ya oksijeni. Sisi tunaukwepa upande huo kwa kutia asidi. Kama kipimo cha kujua nusu moja ya kazi inaendaje, ni sawa. Kama njia ya kupata nishati, ni kuuza ng'ombe ili upate hela ya maziwa. Siku hizi nikiona kichwa cha habari kinasema fulani kapasua maji kwa jua, jicho langu linakimbilia kwenye sehemu ya mbinu kutafuta jina la asidi.

Akira Fujishima na Kenichi Honda, mwaka 1972, walifanya pande zote mbili, oksijeni kwenye elektrodi ya dioksidi ya titani na haidrojeni kwenye platini, ila madini yale yanakula mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni sehemu ndogo ya jua. Mvuto wa kofu uko hapo: unachagua molekuli, unachagua rangi itakayonyonywa. Kundi la mkemia Bettina Lotsch lilionyesha mwaka 2014 kwamba kofu inaweza kutoa haidrojeni kwa mwanga unaoonekana, na mwaka 2015 likaonyesha jambo lililonifanya niupende uwanja huu: walitengeneza kofu nne za familia moja, wakibadilisha idadi tu ya atomi za nitrojeni kwenye pete ya katikati, kutoka sifuri hadi tatu, na kila nitrojeni ilipoongezeka, haidrojeni iliongezeka. Ni nadra kemia kukuitikia kwa utaratibu namna hiyo.

Kuna jambo la namba ambalo lazima niliseme, kwa sababu lilinidanganya bila mtu yeyote kukusudia. Tunaripoti haidrojeni kwa milimoli, kipimo cha idadi ya molekuli, kwa gramu kwa saa. Siku moja nilikuwa na unga kidogo, nikatumia miligramu 5 badala ya 50. Gesi iliyotoka ilipungua, ndiyo, lakini haikupungua mara kumi. Ilipungua nusu hivi. Nilipogawanya kwa gramu, kofu yangu ikawa ghafla bora mara tano. Kumbe unga ukiwa mwingi, sehemu kubwa inakaa kivulini nyuma ya wenzake. Sikuwa nimeboresha chochote, nilikuwa nimepunguza kivuli.

Tangu hapo nahesabu fotoni, yaani chembe za mwanga. Mwanga wa nanomita 420 wenye miliwati 100 ukiingia kwenye chupa kwa saa moja ni juli 360, na hizo ni kama maikromoli 1,264 za fotoni. Nikipata maikromoli 12.6 za haidrojeni, nazidisha kwa mbili, maana kila molekuli imekula elektroni mbili, nagawanya: asilimia 2. Fotoni 98 katika kila 100 hazikuniletea kitu. Namba hiyo haipendezi kuibandika ukutani, lakini mtu mwenye taa tofauti na yangu anaweza kuilinganisha na yake.

Na mengine ni ya kuchekesha. Kofu nyingi hazipendi maji. Kuna moja niliyoipika ikatoka na fuwele nzuri kuliko zote, nikaimwaga kwenye chupa, ikaelea juu kama vumbi kwenye dimbwi. Nilikoroga nusu saa, ikazunguka juu juu tu. Kichocheo cha kutoa haidrojeni kwenye maji, na hakitaki kulowa! Ndipo nilipoelewa kwa nini kofu ya kundi la mkemia Andrew Cooper ya mwaka 2018, yenye makundi ya salfoni (salfa na oksijeni), ilifanya vizuri hivyo: milimoli 10.1 kwa gramu kwa saa, na iliendelea kufanya kazi saa 50 na zaidi. Salfoni inayavuta maji ndani ya vinyweleo. Nilikuwa nimeisoma makala ile mara mbili na kuiruka sehemu hiyo, nikitafuta namba kubwa.

Siku hizi kila sampuli ina kikorogeo chake, chenye namba niliyoichora ubavuni, na kile cha zamani nimekihifadhi kwenye kijichupa juu ya dawati. Wanafunzi wapya wakiuliza ni cha nini, nawapa lenzi.

Sasa najaribu upande wa oksijeni, bila asidi, kofu na maji na metali kidogo ya kusaidia. Miezi mingi imekuwa ya mistari bapa. Wiki mbili zilizopita, saa ya tano ya jaribio, kilele kidogo kikachomoza mahali pa oksijeni. Moyo ulinienda mbio. Sikukimbia kwa mtu. Nikasogeza mstari mbele kidogo, mahali nitrojeni inapotokea, nacho kilikuwepo kilele cha pili, karibu mara nne ya kile cha kwanza. Hewa. Kizibo cha mpira kilikuwa kimetobolewa na sindano mara nyingi mno na sasa kinavuja. Nikazima taa, nikaenda stoo kutafuta kipya.